Maswali Yenu: Mguu Umevimba, Una Joto, Ila Hauumi

Toleo lililopita tuligusia ganzi ya miguu kwa wenye kisukari, na tangu hapo meseji zinaingia tu, nyingi zinahusu mifupa. Nimechagua chache ambazo zinabeba na za wengine.

*Dokta shikamoo. Baba yangu ana miaka 61, sukari anayo mwaka wa 14 huu, alikuwa dereva wa malori. Mwezi wa pili mguu wake wa kulia ulivimba ghafla ukawa mwekundu na wa moto, tukajua ameteguka maana alikosea ngazi akishuka kwenye basi. Hospitali walipiga eksirei wakasema mfupa mzima, akapewa dawa za maumivu na antibayotiki. Mwenyewe anasema hauumi kivile, msikitini anaenda, dukani anaenda. Shangazi akaleta mkandaji akamkanda na mafuta ya moto. Sa hivi uvimbe uko vilevile na ule uwazi wa chini ya unyayo umepotea, katikati ya mguu ndo panagusa chini. Hii ni gauti? – Binti, Tanga*

Marahaba binti. Kabla sijaeleza chochote, baba aache kuukanyagia huo mguu, na namaanisha leo hii ukishamaliza kusoma, usisubiri mpaka siku ya kliniki. Chooni aende kwa magongo au wilchea, swala asali nyumbani kwa kiti, hamna atakayemlaumu. Na mkandaji asirudi. Mi baba sijamuona, lakini kwa ulivyoeleza, sukari ya miaka mingi, mguu mmoja umevimba una joto na hauumi sana, alaf unyayo umeanza kubadilika umbo, kwa mtu mwenye ganzi huo tunauhesabu kuwa ni mguu ambao mifupa yake inavunjika ndani kwa ndani mpaka vipimo vitakaposema vingine.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Charcot, hospitali utasikia wanatamka “Shako”, ni jina la daktari wa Ufaransa, Jean-Martin Charcot, aliyeuelezea mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende iliyokuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. Enzi hizo hamna aliyeuhusisha na sukari, mpaka 1936 ndo daktari mwingine anaitwa Jordan akauandika kwa mgonjwa wa kisukari, na leo kisukari ndo kinaongoza.

Sasa kinachotokea ni hivi. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na watu wanadhani mishipa hiyo kazi yake ni kuhisi tu, kumbe ipo inayoshika misuli midogo ya mguu na ipo inayoamrisha mishipa ya damu ijibane au ifunguke. Ile ya amri ikifa, mishipa ya damu inabaki wazi, damu inapita mguuni kwa wingi kupita kiasi, ndo maana miguu mingi ya namna hii ukiishika ina joto, ngozi kavu imepasuka, na mapigo ya damu juu ya mguu yanadunda vizuri tu. Hapo kinakuja kitu kidogo, kukosea ngazi kama baba, au wala hakumbuki chochote. Mimi na wewe tungechechemea wiki mbili mfupa ukapona. Yeye haumwi kwa hiyo anatembea, anatembea juu ya mfupa uliopata nyufa, mwili unazidi kuleta uvimbe, ule uvimbe unaamsha seli zinazokula mfupa, mfupa unalainika, unavunjika zaidi, na yeye bado anaenda dukani. Mara nyingi panapobomoka ni katikati ya mguu, pale mifupa mirefu ya vidole inapoungana na mifupa midogo ya nyuma yake, na pakishabomoka unyayo unageuka chini unakuwa kama kitako cha mtumbwi, uzito wote wa mwili unadondokea sehemu moja.

Kuhusu eksirei kutoonesha kitu, msiwalaumu sana waliopiga. Mwanzoni kabisa eksirei inaweza kuwa safi huku mfupa ndani umeshaanza kuchemka, MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, ndo inaona mapema. Lakini kwa baba miezi imepita na umbo limebadilika, kwa hiyo rudieni eksirei, safari hii miguu yote miwili na kama inawezekana ipigwe akiwa amesimama, maana mifupa iliyohama saa nyingine haionekani mtu akiwa amelala. Kuna na kipimo cha bei rahisi sana: ile bunduki ya kupimia joto tuliyokuwa tunaelekezewa usoni enzi za korona. Miguu ikae wazi bila soksi dakika kumi hivi, pima sehemu ileile mguu huu na ule, tofauti ikizidi nyuzi 2 ujue kuna kitu. Kama huna hiyo mashine tumia mgongo wa mkono wako, mguu wa Charcot ukiugusa unashtuka mwenyewe.

Gauti? Gauti inauma jamani, mwenye gauti hata shuka likimgusa kidole anapiga kelele, ingawa kwa mwenye ganzi inaweza ikanyamaza kidogo kwa hiyo siifuti moja kwa moja. Maambukizi nayo yanafanana kwa wekundu na joto. Ila maambukizi ya mfupa wa mguu karibu siku zote yana mlango, yaani kidonda au pasuko. Kama ngozi ya baba ni nzima na hajawahi kuwa na kidonda hapo basi uwezekano ni mdogo. Alale, mguu uinuliwe juu dakika tano mpaka kumi. Wekundu wa Charcot mara nyingi unapungua, wa maambukizi unabaki palepale. Hicho kinasaidia tu, hakitoshi kuamulia.

Tiba ni hogo, yaani plasta ngumu (POP), kutoka vidoleni mpaka chini ya goti, lile ambalo mgonjwa hawezi kulivua mwenyewe, na hapo kwenye kutolivua ndo penyewe, maana wakipewa kiatu cha kuvua na kuvaa wanavua, nawajua. Linabadilishwa kila baada ya siku chache mwanzoni kwa sababu uvimbe unashuka na hogo linalegea likaanza kuchubua ngozi ambayo haihisi. Kabla hawajamfunga lazima wahakikishe damu inafika vizuri mguuni, wengine wana vyote viwili, ganzi na mishipa iliyoziba, na hao hogo la kubana linaweza kuwaletea balaa lingine. Muda ni miezi, mara nyingi kati ya mitatu na sita, wengine mwaka mzima, na linatolewa pale joto la miguu miwili limekaribiana, uvimbe umeisha na eksirei inaonesha mifupa imeshaungana, vitu vyote hivyo kwa pamoja. Mkiambiwa kuna sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa vya kuponya hiki kitu muwe na wasiwasi kidogo, wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari kwenye mwongozo wao wa 2023 wameshauri dawa hizo zisitumike kutibu Charcot. Vitamini D na kalsiamu sawa, kama anazihitaji.

Umbo lililokwishaharibika halirudishwi kwa kukandwa. Baadaye atahitaji kiatu cha kutengenezewa kwa kipimo chake na wakati mwingine daktari wa upasuaji wa mifupa apunguze pale panapotokeza. Na ule mguu wa kushoto nao mwangalieni kila siku, sasa hivi ndo unabeba kazi yote.

*Daktari habari. Mume wangu ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, miezi minne hakijafunga, kidole chenyewe kimevimba kizima mwanzo hadi mwisho. Juzi daktari aliingiza kifimbo cha chuma ndani ya kidonda akasema kimegonga mfupa, kwa hiyo mfupa umeingia maambukizi. Mmoja anasema dawa wiki sita, mwingine anasema kidole kikatwe tu. Dada yake anataka tuendelee na asali. Eksirei ya mwezi jana ilikuwa nzuri. Tufuate nani? – Mama wa Likoni*

Pole sana mama. Hicho kifimbo kinatisha kukiangalia lakini ni kipimo kizuri sana. Kikigonga kitu kigumu, tena kwa kidonda kilichokaa miezi, na kidole chote kimevimba hivyo, uwezekano wa mfupa kuwa na maambukizi ni mkubwa. Eksirei ya mwezi jana isikupe moyo, mfupa ulioambukizwa unachukua wiki mbili tatu kabla eksirei haijaanza kuonesha umeliwa, irudieni sasa. Na kuna kipimo cha damu cha ESR, kipo maabara nyingi na hakina gharama kubwa, kikipita 70 kwa mtu mwenye kidonda kama hicho wasiwasi unaongezeka.

Sasa kuhusu hao madaktari wawili, wote wanaweza kuwa sawa, inategemea swali ambalo hujaniambia kama liliulizwa: damu inafika kwenye hicho kidole? Antibayotiki haina njia nyingine ya kufika kwenye mfupa zaidi ya damu. Kama damu inafika, na maambukizi yako mbele tu kwenye vidole, na mfupa haujatokeza nje, basi dawa za wiki sita bila kisu ni njia inayokubalika na wengi wanapona nayo. Kama mishipa imeziba, mtakunywa dawa wiki sita na zingine sita na kidonda kinawaangalia tu, na hata mkikata kidole pale palipokatwa hapataziba. Hapo kwanza ni kufungua mshipa, kwa puto au kwa kuunganisha mshipa mwingine, alaf ndo mengine yafuate. Kwa hiyo ukirudi uliza kwa jina, mume wangu kapimwa mzunguko wa damu mguuni, majibu yako wapi. Uliza pia kama wanaweza kuchukua kipande kidogo cha mfupa wakakiotesha maabara, pamba ya kupangusia juu ya kidonda inaokota vijidudu vya juu juu ambavyo huenda si vinavyokula mfupa, mkaishia kunywa dawa isiyolenga.

Asali mtilieni kwenye chai... hapana, natania, ana sukari huyo, hata kunywa asinywe. Kwenye kidonda cha kisukari miongozo haiungi mkono asali, na chenye mfupa ulioambukizwa chini yake ndo kabisa.

Kitu kimoja: akipata homa, baridi ya kutetemeka, wekundu ukapanda kuelekea kifundoni, harufu ikabadilika, au kidole kikawa cheusi, hiyo ni kwenda hospitali usiku huohuo. Na wenye ganzi msisubiri maumivu ndo muondoke nyumbani.

*Assalaam aleikum daktari. Nna miaka 70, naishi Muscat, asili yangu Unguja. Sukari ya zamani na sigara nlivuta nkaacha mwaka jana. Nkitembea kidogo ndama za miguu zinakaza mpaka nsimame, kisha zaachia. Mguu wa kushoto baridi, na kidole cha mwisho kina kidonda kidogo. Walinipima presha ya mguuni na mkononi wakagawanya wakapata 1.5, wakaniambia damu yangu nzuri kupita vijana. Mwanangu hakuridhika. – Mzee wa Muscat*

Waaleikum salaam, na shikamoo mzee wangu. Hongera kwa kuacha sigara, kwa miguu hiyo hakuna dawa niliyo nayo inayoishinda. Na mwanao yuko sahihi kutoridhika.

Kile kipimo kinalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 mshipa una kizuizi. Kati ya hapo na 1.3 tunasema ni kawaida. Lakini ikipita hapo, na wewe umefika 1.5, maana yake si kwamba damu ni nyingi, maana yake mishipa imekuwa migumu kiasi kwamba ile kamba ya presha inashindwa kuikandamiza, kwa hiyo namba inapanda ya uongo. Kwa wenye sukari ya muda mrefu ukuta wa mshipa unajaa chokaa, kitu kilekile kinachojenga mfupa kinajengwa mahali pasipo pake. Mwambie mwanao aombe ile eksirei ya mguu kama ilipigwa, aiangalie kati ya ile mifupa mirefu ya kidole gumba na cha pili, kabla ya vidole vyenyewe, mara nyingi unaona mistari miwili myembamba myeupe inapanda sambamba, huo ni mshipa wa damu mzee wangu, na eksirei ya kawaida haitakiwi kuuona kabisa. Hapo ndo inatokea kichekesho ambacho hakichekeshi, mfupa wa mguu unapungua madini na mshipa pembeni yake unaongezeka.

Vidole kwa kawaida mishipa yake haigandi chokaa upesi hivyo, kwa hiyo omba wapime presha ya kidole gumba cha mguu, na wasikilize kwa dopla mlio wa damu, mlio mzuri unapanda na kushuka kwa sehemu, mbovu unavuma tu mfululizo. Ikionekana presha ya kidole iko chini ya 30 (hii ni presha yenyewe, si ile ya kugawanya) hiyo ni ya haraka, ukapigwe picha ya mishipa. Wewe una kidonda na mguu wa baridi na ndama zinazokaza, hata kama hizo mashine zote hazipo mji mzima, dalili zako peke yake zinatosha kukupeleka kwa daktari wa mishipa ya damu. Usiuchovye mguu kwenye maji ya moto kuupasha wala usiuweke karibu na hita, baridi yake haitokani na hali ya hewa na utaungua bila kujua. Na udhu ukishachukua kausha vizuri katikati ya vidole.

*Dokta, bibi yangu alitibiwa ukoma zamani akapewa cheti amepona. Lakini vidole vya miguu vinazidi kufupika kila mwaka, majirani wanasema ukoma umerudi na watoto wasimsogelee. – Mjukuu, Muheza*

Watoto wamsogelee bibi yao, wamkumbatie na wamfikishie salamu zangu. Mtu akishamaliza dawa za ukoma haambukizi, na kufupika vidole peke yake si dalili kwamba umerudi. Ukoma ulipita ukaacha mishipa ya fahamu imekufa, na ile hadithi ya baba wa Tanga hapo juu inajirudia kwa njia nyingine, kila jeraha dogo lisilohisiwa, kidonda, maambukizi, mfupa unaliwa kidogo kidogo, ukipiga eksirei mifupa ile mirefu ya mbele unaikuta imechongoka mwishoni kama penseli. Zamani hata madaktari waliamini nyama ya mgonjwa wa ukoma inaoza na kudondoka yenyewe, mpaka daktari Paul Brand alipokuwa anafanya kazi Vellore kule India ndo akaonesha kwamba vidole vinapotea kwa majeraha na maambukizi yasiyohisiwa. Maana yake kwa bibi ni kwamba kufupika kunaweza kupunguzwa sana: viatu vyenye nafasi, kukagua nyayo kila jioni, kidonda kikitokea apumzishe mguu. Ila mpelekeni kituo cha afya kama kuna mabaka mapya au ganzi sehemu mpya, hiyo ni hadithi tofauti.

Na hapa nigusie panya, maana wengine mtacheka. Usiku mtu mwenye ganzi amelala, panya anakuja anatafuna kidole na hashtuki, asubuhi anakuta damu kwenye shuka. Si porojo, madaktari wa Muhimbili waliandika kuhusu wagonjwa wao wa kisukari walioumwa na panya miguuni, ilichapishwa 2005. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, miguu ioshwe mabaki ya chakula kabla ya kulala, na paka si mbaya.

*Dokta mi swali fupi. Nina ganzi, kidonda sina, nivae nini? Makatambuga yanafaa? Ndala je? – Boda wa Mbagala*

Ndala hapana, kile cha kati ya vidole kinachubua na ndala yenyewe inateleza ikatoka mguuni bila wewe kujua umeipoteza, nimeona mtu ameingia kliniki na ndala moja akidhani anazo mbili. Makatambuga soli yake inazuia msumari kweli, lakini ile mikanda ya mpira na vichwa vya misumari ya ndani inakula ngozi, kwa hiyo hapana pia. Kwa boda tafuta raba ya kawaida iliyofunika vidole, kamba ya kufunga au velkro, ndani isiwe na mshono mgumu, nunua jioni maana mguu wa jioni umejaa kidogo, na ukipima simama. Urefu uzidi kidole kirefu kama sentimita moja hivi. Soksi ya rangi nyeupe ili damu au usaha ikitoka uione. Kabla ya kuvaa kigeuze ukikung'ute alaf pitisha mkono ndani, vijiwe, kizibo cha soda, msumari. Na eksozi ya pikipiki jamani, ndama na kifundo, mwenye ganzi anaungua mpaka anasikia harufu kwanza, kwa hiyo tafuta fundi akuwekee kinga.